Shangazi, kitabu cha malezi kimetushinda, mimi na bibi zangu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 34, mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Makete. Mwaka 2024 nilipelekwa mafunzo ya siku tano ili niwe mwezeshaji wa kikundi cha familia zenye vijana wanaoishi na VVU. Tulipewa kitabu chenye vipindi 14. Kila Jumamosi mzazi na mtoto wanakaa pamoja, wanasoma somo, wanachora, wanaandika, kisha wanaondoka na kazi ya wiki. Kitabu kilitungwa nje ya nchi, kikatafsiriwa. Kiswahili chake si kibaya, tatizo haliko hapo.

Nilianza na familia 8. Katika tano kijana analelewa na bibi, moja na mjomba, moja na dada yake wa miaka 21. Mzazi wa kumzaa mtoto yupo mmoja tu. Kitabu chenyewe kinafungua na picha ya baba amevaa tai, mama na watoto wawili, wamezunguka meza ya chakula. Kipindi cha pili kinasema mlezi amtazame mtoto machoni amwambie "nakupenda", na nyumbani arudie mara tatu kwa siku. Bibi mmoja alininong'oneza, "Mwanangu, nikimwambia hivyo si atadhani naaga?" Kipindi cha nne ni kumwandikia barua mzazi aliyefariki. Bibi zangu hawajui kuandika. Walilia, vijana wakatoka nje, tukafunga mapema. Tangu siku hiyo kipindi hicho nakiruka.

Kijana mmoja yuko kidato cha tatu, anakaa bweni. Anasema akifungua tranka kopo la dawa linalia kama kayamba, wenzake wanauliza ni nini. Kipimo chake cha mwisho virusi vilikuwa 18,000. Mwingine ana miaka 17, aliuliza mbele ya watu wote kama ataoa. Bibi yake akainamisha kichwa, mimi nikajibu tutafika huko. Shangazi, kitabu hakifiki huko. Kiliandikwa kwa watoto wa miaka 10 hadi 14.

Mradi ulisimama mwanzoni mwa 2025 na nauli zikakoma. Zimebaki familia 4. Tunakutana ofisi ya kata, na watu wa kijiji wameanza kutuita "kikundi cha wale". Aliyekuwa msimamizi wangu ananiambia nisibadilishe hata mstari mmoja, eti programu ikiguswa inapoteza nguvu.

Linaloninyima usingizi ni bibi mmoja katika familia hizo nne. Mjukuu wake ana miaka 14. Anameza dawa tangu mdogo na ameambiwa ni za moyo. Bibi alimleta kikundini kwa sababu tulitangaza njooni wote. Kipindi cha tano kinaanza kwa kubandika ukutani karatasi yenye neno VVU kwa herufi kubwa. Siku hiyo niliibandua kijana akiwa anavua viatu mlangoni. Nimemsihi Bibi amwambie ukweli. Ananijibu, "Nikimwambia ataniuliza mama yake alikufa na nini, na mimi kwa nini nilimficha. Nitamjibu nini?" Dawa anazificha ndani ya debe la unga, jikoni.

Nikibadilishe kitabu au nikiache? Na huyu Bibi nimsaidieje?

Mwezeshaji, Makete

*

Marahaba, mwanangu.

Kibadilishe. Uliyoyaona ndani ya miezi michache hakuna mwandishi wa kitabu angeyaona akiwa ofisini kwake, na programu nzuri za aina hii zimefika zilipofika kwa kubadilishwa na watu kama wewe. Kule Durban, Afrika Kusini, kuna programu ya familia inayoitwa VUKA. Mizizi yake ni programu iliyoanzia Chicago, Marekani, kwa ajili ya familia za mijini kule. Ilipovuka bahari, watu wa Durban waliitungia hadithi ya katuni inayofanana na nyumba zao, na wakaweka mazungumzo ya msiba, maana watoto wengi walikuwa wamezika mzazi. Lakini familia kadhaa kukutana pamoja, mlezi na mtoto kujifunza kuongea, dawa kuzungumzwa waziwazi, hayo yalibaki.

Kwa hiyo msimamizi wako ana nusu ya haki. Kuna mifupa na kuna nyama. Tai ya baba ni nyama, meza ya chakula ni nyama, barua ni nyama. Msiba ni mfupa. Hapo nakugombeza kidogo: ulipoona bibi wanalia ukaruka kipindi, ulitupa kile ambacho mkoa wako unakihitaji kuliko mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na taifa zima asilimia 4.4. Kila bibi uliyenaye amezika mtoto wake wa kumzaa, na hajawahi kuulizwa habari zake isipokuwa na nesi anayejaza fomu. Kulia hakukuharibu kipindi. Kilichokiharibu ni kalamu. Rudi nacho bila karatasi. Mwambie kila bibi aje na kitu kimoja cha marehemu, kanga, picha, kikombe, chochote, asimulie mwenye kitu hicho alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa mcheshi, alikuwa mkali, aliimba kwaya. Habari za ugonjwa ziache kabisa siku hiyo. Vijana wengi hawamjui mama yao ila kaburi lake.

Sasa hilo la kutazamana machoni. Mtoto wa kwetu aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkubwa wake, na sioni sababu ya kumfundisha leo akiwa na miaka 15. Huko kwenu kuna baridi, watu wanakaa jikoni motoni. Mazungumzo mazito yanakuja mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye moto. Kazi ya wiki iwe hivi: siku moja Bibi na mjukuu wamenye viazi pamoja, wawili tu, na wakati wa kumenya Bibi aulize jambo moja kuhusu siku ya mtoto, asikilize mpaka mwisho, asitoe fundisho. Inaonekana ndogo, lakini lile zoezi la kutazamana machoni lilitafuta kitu hicho hicho.

Na "nakupenda" usilifute, ligeuze. Nilipokuwa mnasihi niliwahi kumuuliza kijana mmoja aliyenuna kama kuna mtu anayemjali. Akasema hakuna. Nikamuuliza maji ya kuoga asubuhi anachemsha nani. Akanyamaza. Kwenye kikundi waulize vijana ni nani aliamka kabla yao wiki hii na alifanya nini. Wakishasema, bibi waambiwe nao wataje kazi moja ambayo kijana aliifanya vizuri, kwa jina la kazi yenyewe, "alipasua kuni bila kutumwa." Bibi wa Makete atalisema hilo bila kudhaniwa anaaga.

Jambo ambalo waandishi wa kitabu hawakulijua ni utani wa bibi na mjukuu. Wao walidhani aliyekaa mbele ya kijana ni mzazi, na mzazi na mwanawe wana aibu katika mambo ya mwili. Kwetu bibi anamwita mjukuu "mume wangu", anamtania habari za wachumba, na mjukuu anajibu. Mlango huo uko wazi tangu zamani, wewe pitia humo. Yule wa miaka 17 alipouliza kama ataoa, Bibi yake aliinamisha kichwa kwa sababu hakuwa na jibu, na wewe hukumpa. Jibu ni hili, na ulitoe Jumamosi hii bila kuzunguka: ataoa akitaka. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka kipimo hakivioni virusi kwenye damu yake hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na anaweza kupata watoto wasio na VVU. Mwambie Bibi faragha kwanza, umwone atakavyolipokea, kisha mwache yeye amtanie mjukuu wake kwa hilo. Mama yangu mzazi angelimaliza shauri hilo kwa sentensi moja na kicheko.

Kuna mambo hata hivyo ambayo kijana hatayasema bibi akiwepo, na hapa kitabu chako kinakosea kuwaweka pamoja vipindi vyote 14. Angalia Moshi. Kuna programu ya vijana wanaoishi na VVU inaitwa Sauti ya Vijana. Mikutano ya kikundi ni 10, na walezi wanaingia katika miwili tu. Na wanaoongoza ni vijana wakubwa kidogo. Zimbabwe nako kuna Zvandiri, ambayo vijana wa miaka 18 hadi 24 wenye VVU ndio wanaowatembelea wadogo zao majumbani na kuwasindikiza katika dawa. Waliipima katika kliniki 16 kwa vijana wa miaka 13 hadi 19, na waliopata msaada huo walikuwa na virusi vilivyofubazwa zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Wewe unaye dada wa miaka 21 anayemlea mdogo wake. Ulimwandika kwenye orodha ya walezi ukampita. Muulize faragha kama angependa kukaa upande wa vijana. Kama anaishi na VVU na yuko tayari kulisema, una mwezeshaji mwenza. Kama sivyo, waombe CTC, kliniki wanakochukulia dawa, wakutafutie kijana mmoja mkubwa ambaye dawa zimemkubali. Jumamosi moja vijana peke yao na bibi peke yao, Jumamosi nyingine nusu saa ya mwisho wakutane. Bibi nao wanahitaji kusemea mahali ambapo wajukuu hawasikii kwamba wamechoka.

Mahali pa kukutania, hama. Ofisi ya kata kila mtu anaona nani ameingia. Siri ya afya ya mtu inalindwa na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, lakini macho ya kijiji hayazuiwi na sheria. Najua kwenu kina mama wana vikoba. Kikundi chenu kianze kuweka na kukopa, hata kama hisa ni ndogo, kwa sababu ni jambo la kweli mtakalolifanya na pia ni jibu la kweli kwa atakayeuliza mnakutania nini. Kusini mwa Uganda, programu za Suubi ziliwafungulia vijana wenye VVU akaunti za akiba, kile walichoweka kikaongezewa, maana kijana anayeona mbele yake ada au mtaji ana sababu ya kumeza kidonge cha leo. Huna mfadhili wa kuongezea. Lakini fedha ya kikoba inaweza kulipa bodaboda ya bibi anayetoka mbali zaidi, na hiyo ni sehemu ya programu sawa na somo lolote.

Huyu wa bweni usimchelewe. Kopi 18,000 katika mililita ya damu ni nyingi, mstari wanaouangalia kliniki ni 1,000. Anatakiwa kwenye vikao vya ushauri wa ufuasi CTC kisha apimwe tena, na nesi ajue kuhusu kopo, kwa sababu akiambiwa tu "meza dawa" ataitikia ndiyo na kurudi kulekule. Kopo linalolia linatibika: pamba ikishindiliwa juu ya vidonge, kelele inakwisha. Nimeona vijana wengine wakibeba vya wiki kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka kilichooshwa na kukauka vizuri, kopo kubwa likabaki kwa mtu. Mtu huyo achaguliwe na kijana mwenyewe, matroni, mwalimu, mpishi, yeyote anayemwamini. Wewe usimchagulie, na usimwambie mwalimu mkuu kabla kijana hajakubali. Muda wa kumeza nao muupange na ratiba ya bweni. Kama saa mbili usiku ni prepu na hawezi kutoka, daktari atamsaidia kuuhamishia saa ambayo yuko peke yake. Virusi vikishafubazwa, waulize CTC habari ya kupewa dawa za miezi kadhaa ili ziende na muhula, asiwe anaomba ruhusa kila mwezi na kuulizwa anaumwa nini.

Kila unachokibadilisha kiandike kwenye daftari, tarehe na sababu, na usibadilishe yote wiki moja. Baada ya miezi mitatu tazama nani anakuja, waulize vijana na bibi kila kundi kivyake kipi kibaki, na muulize nesi wa CTC kama vipimo vinashuka kwa ujumla bila kutaka majina. Siku moja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kitabu.

Nimemwacha Bibi wa debe la unga mpaka hapa kwa sababu nataka usome hili umetulia.

Kwanza, kijana wake asije kikundini kwa sasa. Hajafukuzwa, mtafutie Bibi sababu nyepesi. Hawezi kujua habari ya damu yake ukutani mbele ya wenzake, na Jumamosi ile nusura ajue. Bibi mwenyewe aendelee kuja kwa bibi wenzake.

Pili, Bibi aelewe kwamba siri hii ina siku chache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unasema watoto wa umri wa shule waambiwe, kidogo kidogo kadiri wanavyoelewa. Huyu ana miaka 14. Kopo lina jina la dawa, na mwenzake yeyote mwenye simu atalisoma. Tena tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mlezi. Mwaka ujao wakija wapimaji shuleni, anaweza kujua kutoka kwa mgeni, na siku hiyo swali la "kwa nini ulinificha" litakuja lenye uchungu mara kumi. Mwambie hayo taratibu, si kwa kumtisha. Bibi huyu hajaficha kwa ubaya. Amebeba aibu ya binti yake peke yake miaka yote hii, na amehakikisha mtoto anameza dawa kila siku. Uanze kwa kumshukuru.

Kisha mtatue swali lake, maana ameuliza swali halisi. Mama alikufa na nini, na kwa nini mtoto alizaliwa na virusi. Huyu kijana alizaliwa karibu 2011. Utaratibu wa kila mjamzito mwenye VVU kuanzishiwa dawa za maisha papo hapo ulianza nchini mwaka 2013. Kabla ya hapo wengi walipewa dawa za kumkinga mtoto tu, na za kwao wenyewe wakasubiri mpaka kinga ishuke. Sijui binti yake alipitia wapi na wewe usidai kujua. Lakini Bibi anaweza kusema kwa kweli kwamba mama yako alikuzaa wakati njia zilizopo leo hazijafika kwetu zote. Nimeshuhudia sentensi hiyo ikiwatoa watu mzigo, bibi kabla ya mjukuu.

Nendeni wote wawili kwa mnasihi wa CTC mara moja au mbili, Bibi afanye mazoezi ya kutamka neno VVU mbele ya mtu mzima, kwa sababu huenda hajawahi kulitamka. Mchague siku ya mwanzo wa likizo, si usiku wa kuamkia mtihani. Iwe jikoni kwao. Wewe uwepo kama Bibi anataka, ukae upande wa mlangoni. Maneno yawe machache: "Dawa unazomeza si za moyo. Ni za kuzuia virusi vinavyoitwa VVU. Ulizaliwa navyo, hukufanya kosa lolote. Nilikuficha kwa sababu niliogopa, nisamehe." Asiongeze hotuba. Kijana anaweza kunyamaza, anaweza kutoka nje, anaweza kuuliza kama atakufa. Jibu la swali hilo Bibi alijue kabla: akimeza dawa zake ataishi, atazeeka kama watu wengine. Kesho yake na wiki inayofuata wewe upite nyumbani, maana maswali yanakuja baadaye, na mengi yatahusu mama. Akishatulia, na akitaka mwenyewe, ndipo umkaribishe kikundini.

Na Bibi akikwama pale kwenye "ulizaliwa navyo", usimsemee. Sogeza kuni motoni, umsubiri.

Shangazi yako